Madhapar, kijiji cha Kutch chenye benki kila kona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila baada ya miezi michache kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: picha ya lango kubwa la kijiji, nyumba za ghorofa, na maneno "Hiki ndicho kijiji tajiri kuliko vyote Asia." Kijiji hicho ni Madhapar, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Mimi nimekulia Nairobi, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la familia ya Kipatel, jamii yenye asili ya huko, na tangu ujumbe ule uanze kuzunguka watu huniletea maswali kana kwamba mimi ni mjumbe wa huko. Nimeona bora nijibu mara moja, niyaweke pamoja.

Madhapar iko wapi hasa?

Katika wilaya ya Kutch, ambayo kwa ukubwa wa eneo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India. Makao makuu yake ni mji wa Bhuj, na Madhapar iko kilomita chache tu mashariki ya mji huo, kiasi kwamba siku hizi mgeni hajui Bhuj imeishia wapi. Kaskazini kuna Rann, ule uwanda wa chumvi mweupe usioota kitu. Kusini kuna bahari, na bandari ya Mandvi. Mvua ni chache na hunyesha kati ya Juni na Septemba, ikigoma, imegoma. Ukilijua hilo umejua nusu ya sababu za watu wa Kutch kupenda kusafiri.

Ni kweli ndicho kijiji tajiri kuliko vyote Asia?

Sijui nani aliyezunguka Asia nzima na mizani. Ila fedha zipo. Mwaka 2024 magazeti ya India yaliandika kwamba Madhapar ina benki 17 na kwamba amana za wateja zimefika karibu rupia crore 7,000. Crore moja ni milioni 10, kwa hiyo hizo ni rupia bilioni 70, zaidi ya dola za Marekani milioni 800. Wakazi wanatajwa kuwa takribani 32,000.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanagawanya bilioni 70 kwa watu 32,000 na kusema kila mwanakijiji ni milionea. Hapana. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni za watu wasioishi pale: wako Nairobi, London, Marekani, Kanada, Australia. Magazeti hayo hayo yalitaja familia kama 1,200 zilizoko ng'ambo. Mama anayeuza mboga karibu na kituo cha basi hana hata robo ya anachofikiriwa kuwa nacho. Amepata soko zuri, hilo halina ubishi, na barabara yake ina lami. Lakini kuishi jirani na benki si kuwa na akaunti nono.

Kwa nini waweke fedha kijijini wakati wanaishi London?

Swali hili ndilo nilipendalo kuliko yote, na jibu la haraka la riba halinitoshelezi. Ni kweli benki za India kwa miaka mingi zimelipa riba nzuri kuliko za Uingereza kwa amana za muda maalumu, na serikali ya India imewawekea raia na watu wa asili yake walioko nje akaunti za aina yao. Sawa.

Lakini tazama miaka. Mwaka 1964, mapinduzi Unguja. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakikimbilia viwanja vya ndege kabla mlango haujafungwa, maana Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia. Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Mtu ambaye baba yake alifunga duka Kampala na kuondoka na sanduku moja hukua akijua kwamba nchi inaweza kukuambia "ondoka." Mtu kama huyo huweka kitu mahali ambapo jina la babu yake limeandikwa ukutani. Mimi naziona amana zile kama mzizi, wala sishangai kwamba ni mwaka huo huo wa 1968 watu wa Madhapar walioko London walipoanzisha chama chao cha kijiji.

Kuna wanaowalaumu: fedha nyingi hivyo zinakaa tu benki, hazijengi kiwanda. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Ila akiba ya mtu aliyewahi kufukuzwa haina haraka ya kwenda kokote.

Walifikaje Afrika Mashariki? Si wale waliojenga reli?

Kosa hili tumelirithi shuleni. Vibarua wa reli ya Uganda, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani 1901, walikuwa takribani 32,000, na wengi wao walitoka Punjab. Watu wa Kutch walikuwa wamekwisha kuja zamani, kwa upepo.

Kaskazi ilipovuma, jahazi aina ya kotia ziliondoka Mandvi na kushuka hadi Lamu, Mombasa, Unguja. Kusi ilipogeuka, zikarudi na pembe za ndovu, karafuu, boriti za mikoko. Enzi za Seyyid Said, aliyekodishwa forodha ya Unguja alikuwa Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch. Tharia Topan, tajiri aliyejenga lile jengo la zahanati ya zamani kwenye ufuko wa Mji Mkongwe, alizaliwa Lakhpat, huko huko Kutch. Na Allidina Visram, ambaye maduka yake yalitoka pwani hadi Uganda na jina lake bado liko kwenye shule Mombasa, alitoka kijiji cha Kera, kusini mwa Bhuj. Hawa wote si Wapatel wa Madhapar: ni Wabhatia na Wakhoja, jamii nyingine za wafanyabiashara, ila ndio waliozoesha wilaya nzima wazo kwamba ng'ambo kuna riziki.

Wapatel wa Kutch, wale wanaoitwa Leva Patel, walikuja baadaye. Kwao walikuwa wakulima. Huku wengi walishika mwiko na nyundo. Ndiyo maana hadi leo Nairobi, ukiuliza mkandarasi wa jengo fulani, uwezekano wa kutajiwa jina linaloishia na "-bhai" ni mkubwa. Wao wenyewe huhesabu vijiji 24 vya asili huko Kutch, na kundi hilo la vijiji huliita *chovisi*, yaani ishirini na nne. Madhapar ni kimoja tu. Baladia, Sukhpar, Mankuva na Kera ni vingine.

Kwa nini kuna Juna Vas na Nava Vas?

Mtaa wa zamani na mtaa mpya, basi. Wazee husimulia kwamba kijiji kilianzishwa na watu wa jamii ya Mistri, mafundi mawe, na kwamba jina lake linatokana na mtu aliyeitwa Madha Kanji Solanki. Wapatel walikuja baadaye, na watu walipozidi ukazaliwa mtaa mpya pembeni. Pande hizo mbili zimekuwa zikichagua viongozi wake kila upande kivyake, na kama ilivyo popote penye mtaa wa zamani na mtaa mpya, kila upande unajua kasoro za mwenzake.

Nani anaongoza kijiji?

Baraza la kijiji, *gram panchayat*, chini ya mwenyekiti anayeitwa *sarpanch*. Huchaguliwa kwa miaka mitano. Marekebisho ya 73 ya Katiba ya India, yaliyoanza kutumika Aprili 1993, ndiyo yaliyoyapa mabaraza haya nguvu ya kikatiba, na yakaamuru angalau theluthi moja ya viti viwe vya wanawake. Gujarat imekwenda mbele hadi nusu. Juu ya baraza kuna mkutano wa wapiga kura wote, *gram sabha*, ambapo kwa nadharia mtu yeyote anasimama na kuuliza bomba la maji limekwama wapi.

Uchaguzi wa kijiji Gujarat hauendi kwa alama za vyama. Kuna hata utaratibu uitwao *samras*: kijiji kikikubaliana mapema na kupita bila kupingwa, serikali ya jimbo hukipa fedha za ziada za maendeleo. Wengine wanausifu kwamba unazuia ugomvi. Mimi nina wasiwasi nao. Kijijini, "tumekubaliana sote" mara nyingi maana yake ni kwamba wenye sauti ndogo wameambiwa wanyamaze.

Ile habari ya wanawake kujenga uwanja wa ndege ni kweli au ni sinema tu?

Ni kweli, na kama utakumbuka jambo moja tu kuhusu Madhapar, naomba liwe hili badala ya benki.

Desemba 1971, India na Pakistan zilikuwa vitani. Usiku wa tarehe 8 ndege za Pakistan zilishambulia kambi ya jeshi la anga Bhuj na kuichimba njia ya kurukia ndege. Hapakuwa na mafundi wa kutosha. Mkuu wa kambi, Vijay Karnik, akaomba msaada kwa raia. Wakajitokeza wanawake wapatao 300, wengi wao kutoka Madhapar. Baadhi walikuwa na watoto wachanga, waliwaachia majirani.

Sasa jaribu kuiona kazi yenyewe. Kifusi kinaondolewa kwa mikono. Zege linabebwa kwa makarai kichwani, kwa mstari, kama tulivyozoea kuona kwenye mijengo kabla ya mashine. Wameambiwa wavae sari za kijani kilichofifia ili wafanane na vichaka. King'ora kikilia, kila mtu anatupa karai na kukimbilia vichakani au kwenye handaki. Kikilia tena cha usalama, wanarudi. Na ile njia inayojengwa inapakwa samadi mbichi ya ng'ombe, ili rubani akiwa juu aone ardhi kama ardhi nyingine. Mwanamke wa kijijini hahitaji kufundishwa kupaka samadi. Sakafu ya nyumba yake ndivyo ilivyokuwa ikisiribwa. Siku ya kwanza walilala na njaa kwa sababu hakuna aliyepanga chakula. Siku iliyofuata hekalu la jirani likapeleka matunda na peremende.

Baada ya saa 72 ndege zikaruka tena.

Mnara wa kuwakumbuka, *Virangana Smarak*, ulizinduliwa Madhapar mwaka 2015. Miaka 44 baadaye. Wengi wa wale wanawake walikuwa wamekwisha kufariki.

Tetemeko la 2001 liliwafanya nini?

Ilikuwa Januari 26, Sikukuu ya Jamhuri, saa 2 na dakika 46 asubuhi, watoto wakiwa kwenye gwaride. Tetemeko la ukubwa wa takribani 7.7 lilitikisa Kutch nzima, na watu wapatao 20,000 walikufa. Mji wa kale wa Bhuj ulianguka kwa sehemu kubwa, pamoja na hekalu la Swaminarayan, mwalimu wa dini ya Kihindu anayefuatwa na Wapatel wengi, lililojengwa miaka ya 1820. Hekalu jipya, la marumaru, lilifunguliwa mwaka 2010, na waliochangia walitoka kila pembe ambako Wakutchi wamefika, Nairobi ikiwemo. Baada ya tetemeko familia nyingi za mjini zilihamia pembezoni, na ndipo Madhapar ilipovimba.

Jambo ambalo halisemwi sana: misaada haikufika kwa usawa. Wakati ule iliripotiwa kwamba katika vijiji kadhaa vya Kutch watu wa tabaka la chini walipata hema mwisho, au wakawekewa kambi yao kando.

Kwa hiyo tabaka bado zipo?

Zipo. Katiba ya India ilipiga marufuku unyanyapaa wa kutoguswa tangu 1950, ibara ya 17. Sheria ni sheria, kijiji ni kijiji. Madhapar ina Wapatel, Mistri, Waahir, Wadalit (wale wa tabaka la chini), Waislamu na wengine. Biashara wanafanya pamoja, sikukuu wanatazamana, lakini ndoa kwa kawaida hufungwa ndani ya jamii. Nani anakaa mtaa gani, hadi leo mwenyeji anaweza kukueleza bila kufikiri. Anayekuuzia picha ya kijiji kisicho na mipaka anakuuzia kalenda.

Mbona nyumba nyingi zinaonekana zimefungwa?

Kwa sababu zimefungwa kweli. Pita uchochoro wa Wapatel mwezi wa Julai: geti la chuma lenye nakshi ya tausi, kufuli, majani makavu kwenye ngazi, na juu ya mlango jina la familia na mwaka wa kujengwa. Jirani au mtunzaji ana ufunguo. Hufungua mara moja moja kupitisha hewa. Ukifika Desemba na Januari kijiji kinabadilika. Wenyewe wanarudi kwa harusi na kwa majira ya baridi, watoto wanaongea Kiingereza cha London mbele ya bibi asiyekijua, na mafundi umeme hawalali.

Wazee wengine walirudi moja kwa moja. Wamemaliza kazi Kenya au Uingereza, wamekuja kumalizia umri nyumbani, na watoto wao hawaji. Hawa ndio wanaokaa kwenye viti vya saruji jioni. Usiulize wanangoja nini.

Wanakula nini?

Wengi hawali nyama, na wafuasi wa Swaminarayan waliokaza kamba hawagusi hata kitunguu na kitunguu saumu. Chakula cha shambani ni *rotlo*: mkate mnene wa unga wa uwele, unapigwapigwa viganjani hadi unakuwa duara, kisha unaokwa juu ya chuma cha moto. Ukiiva unavunjwa, unatiwa siagi nyeupe, na pembeni sukari guru na kitunguu kwa wanaokila. Kinywaji ni *chaas*, mtindi mwepesi wenye chumvi na bizari nyembamba. Jioni, *khichdi* ya mchele na dengu, na samli juu. Mbilingani unaochomwa motoni hadi ganda liwe jeusi, ukamenywa na kupondwa, una ladha ambayo mtu wa pwani ataitambua mara moja.

Miezi ya Juni na Julai kuna *kharek*, tende mbichi, nyekundu na za manjano, ngumu kama tufaa. Zinaliwa hivyo hivyo. Nilipoonja mara ya kwanza nilidhani nimeuziwa zisizoiva.

Ni kweli hakuna pombe?

Gujarat ni jimbo kavu tangu lilipoundwa mwaka 1960. Kisheria.

Nimesikia kwao "dada" ni mwanamume. Mnatania?

Hatutanii. Kwa Kigujarati *dada* ni babu mzaa baba. *Kaka* ni baba mdogo. *Mama* ni mjomba. Na bibi mzaa mama? Anaitwa *nani*. Sasa fikiria mtoto wa Kigujarati aliyekulia Mombasa akiambiwa na mwalimu aandike insha kuhusu "mama yangu."

Adabu zao hazina ugeni kwetu: mkubwa haitwi kwa jina tupu. Mwanamume huongezewa *-bhai*, mwanamke *-ben*, na mkubwa wa rika la mzazi anakuwa kaka au masi (mama mdogo) hata kama hamna damu moja. Kijana akirudi kutoka safari huinama na kugusa miguu ya wazee. Sisi tunasema shikamoo, wao wanaifanya kwa mwili.

Hekalu lina nafasi gani?

Kubwa mno. Wapatel wengi hapa ni wafuasi wa Sahajanand Swami, aliyeishi kati ya 1781 na 1830 na kuitwa Swaminarayan. Utaona hekalu la wanaume na la wanawake, kila moja kivyake. Mgeni wa mjini hukunja uso, na kwa upande mmoja namwelewa. Lakini hekalu la wanawake ni mahali ambapo wanawake wanaendesha kila kitu wao wenyewe, kuanzia fedha hadi mahubiri, na asubuhi mapema ndipo habari zote za kijiji zinapopita: nani anaumwa, binti wa nani amepata viza, ng'ombe wa nani amezaa.

Niende lini?

Novemba hadi Februari. Joto la Mei si la mtu mwenye akili timamu. Ukitaka ngoma, nenda wakati wa Navratri, kwa kawaida Septemba au Oktoba: usiku tisa wa *garba*, wanawake na wanaume wakicheza kwa duara hadi miguu ikatae. Treni zipo kutoka Mumbai na Ahmedabad hadi Bhuj, na ndege pia. Ukiwa huko, chukua bajaji hadi Bhujodi ukaone wafumaji, na Ajrakhpur, kijiji cha wachapaji wa vitambaa vya *ajrakh* kilichoanzishwa baada ya tetemeko, pale maji ya kijiji chao cha zamani yalipobadilika na kuharibu rangi.

Kiswahili kinasikika huko?

Kwa wazee waliorudi, ndiyo. Usitarajie cha Mvita. Ni kile cha dukani na cha kwenye mjengo, chenye "leta ile" na "weka hapa" nyingi. Na maneno yamesafiri pande zote. Sisi tulichukua gari, pesa, laki, hundi, dobi, bepari, karai. Wao walichukua sufuria na fagio, na muhogo wakaufupisha ukawa *mogo*. Nenda mgahawa wa Kigujarati London leo, kwenye orodha ya vyakula utaukuta mogo wa pilipili, na mhudumu kijana atakuapia kwamba ni neno la Kihindi.

Nikifika nyumbani kwa mtu nifanyeje?

Vua viatu mlangoni. Usipeleke zawadi ya nyama wala chupa. Maji utakayopewa, kunywa hata kidogo. Kukataa maji ni kumkataa mwenyeji. Salamu ya kwao ni "Jai Swaminarayan," mikono imefumbatwa kifuani. Lakini ukimkuta mzee amekaa peke yake kwenye kiti cha saruji saa za jioni, jaribu kwanza "Habari ya siku nyingi, mzee?" Kisha tafuta pa kukaa, kwa sababu hutaondoka mapema.